Tutu Ndefu ya Mireille

Enzi zetu tutu, ile sketi ya neti ya wacheza baleti, haikuvaliwa ovyo. Ilisubiriwa. Nasema hivi nikiwa na hasira, na ninyi wenzangu mliokulia Turffontein na Rosettenville miaka ya tisini mtanielewa. Leo ukipita Marshalltown unazikuta zimening'inia kwenye miavuli ya wachuuzi, za waridi, za zambarau, za rangi ya ndizi mbivu, zimebanwa kwa vibanio vya nguo katikati ya soksi na chaja za simu. Mtoto ambaye hajaweza hata kusimama vizuri anavalishwa akapigwe picha ya siku ya kuzaliwa, na mama yake anavaa ya kwake ili wafanane. Juzi nimeona mbwa. Mbwa mdogo mweupe, amesimama na mwenye kumfuga kwenye robot, zile taa za barabarani, wakingoja magari yapite, kiunoni ana tutu yenye nyota za kumetameta. Nilimtazama, naye akanitazama, na nadhani kati yetu wote pale barabarani yeye peke yake ndiye aliyeona aibu.

Nilimsimulia binti yangu Lindiwe, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili ila hunijibu kwa Kiingereza. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Eish, Mama," akasema, "si sketi tu."

Sketi tu! Sketi iliyowagombanisha watu wazima kwa karibu miaka mia mbili, iliyochoma watu wakafa, na iliyomtoa jukwaani Mireille, mchezaji bora kuliko sisi wote, huku tukitazama. Nimeamua kuiandika habari yake kwa mpangilio, tangu mwanzo, maana naona tunaoikumbuka tunapungua na wanaoiuza wanaongezeka.

Tulifika Johannesburg nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa anarudi kwao baada ya miaka mingi ya uhamishoni, na Mama, mtu wa Morogoro, alikuwa anahamia nchi aliyoijua kwa hadithi za mumewe tu. Alikuja na masanduku mawili na cherehani yake, ambayo alikataa kuiacha hata Baba alipomwambia kwamba Afrika Kusini cherehani zipo. "Zipo," alijibu, "lakini hazinijui." Tukapanga nyumba Turffontein, mtaa wa tatu kutoka uwanja wa mbio za farasi, na cherehani ikawekwa sebuleni mbele ya dirisha. Shuleni walinicheka kwa Kiingereza changu cha vitabuni. Kizulu sikuwa nacho kabisa. Nyumbani nilikuwa nazunguka miguuni mwa Mama na kukanyaga vitambaa vya wateja mpaka siku moja aliponishika mkono akanipeleka kwenye ukumbi wa kanisa mwisho wa mtaa wetu, kulikokuwa na darasa la baleti Jumanne na Jumamosi.

"Mwalimu," alimwambia Miss Adele, "huyu anaruka sana. Na arukie kwako."

Mnaukumbuka ukumbi ule? Sakafu ya mbao iliyonuka nta nyekundu, jiko la mafuta ya taa lililokoroma pembeni wakati wa baridi, madirisha yenye ukungu wa pumzi zetu. Mdomo ulipasuka kwa ukavu, tukapaka vaselini mpaka tunang'aa kama magwinya yaliyotoka kwenye karai. Magwinya yenyewe yaliuzwa getini na mama mmoja aliyetujua kwa viatu vyetu. Mimi na Mama tuliyaita maandazi, naye alituambia tukitaka maandazi turudi Tanzania, kisha akaniongezea atchari bure.

Miss Adele alikuwa mwembamba, ana mvi zilizofungwa kwa nguvu kisogoni, na alitembea kana kwamba kuna mtu anamvuta utosini kwa uzi. Wakati wa ubaguzi watu wa rangi yake hawakuruhusiwa kuingia kwenye ukumbi mkubwa wa mjini kutazama, achilia mbali kupanda jukwaani. Alijifunza kwenye kumbi kama ule wetu, kwa mwalimu aliyejifunza kwenye kumbi kama ule. Kwa hiyo hakutaka mzaha. Mwaka wa kwanza ulivaa nguo nyeusi ya kubana bila kitu kiunoni. Ukionyesha adabu ukapewa ruhusa ya kufunga kitambaa chepesi. Baadaye ikaja sketi ya mazoezi, ndefu, ya kukufundisha kwamba nguo ina uzito na inakuja nyuma yako kidogo. Tutu ilikuwa ya mwisho. Kulikuwa na wasichana walioacha darasa bila kuigusa. Leo unaibonyeza kwenye simu, inaletwa mlangoni na kijana wa pikipiki, ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa! Imekunjwa, jamani.

Wakati ule ndipo alipokuja Mireille. Familia yake ilikuwa imetoka Lubumbashi. Baba yake, Papa Mireille, alikuwa mwalimu huko kwao na mlinzi wa duka huku kwetu, na shemasi wa kanisa lao siku zote mbili za mwisho wa wiki. Mireille alisimama siku ya kwanza kwenye ile fimbo ya ukutani tuliyoishika wakati wa mazoezi, akamsikiliza Miss Adele akitaja maneno ya Kifaransa kwa matamshi ya Johannesburg, na akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

"Nini?" nikamnong'oneza kwa Kiswahili, maana nilikuwa nimemsikia akizungumza na mama yake mlangoni.

"Miye nilifikiri ni maneno ya kanisa," akasema. "Kumbe anasema kunja. Kunja tu! Na ile ingine, tupa. Na ile ingine, yeyuka. Munaogopa nini?"

Tangu siku hiyo tulikuwa na lugha yetu. Wengine wakisikia Kifaransa, mimi nilisikia kunja, tupa, yeyuka, nikawa sichelewi tena. Na Mireille alipokunja, alikunja kweli. Aliporuka alikaa hewani kidogo, kama mtu aliyesahau kitu huko juu akageuka kukitafuta. Miss Adele hakumsifu. Alimtazama tu, akaenda kusimama dirishani, akarudi akamrudisha mwanzo.

Historia ya tutu alitufundisha Miss Adele siku za baridi kali, misuli ikiwa haijapata joto. Alikuwa na picha alizokata kwenye kalenda kuukuu, amezibandika ukutani kwa kufuatana. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mwenye gauni zito la kufika sakafuni, kama mke wa gavana. "Huyu anacheza," alituambia, "lakini nani anajua?" Ya pili ilikuwa ya mchezaji aliyepandisha pindo lake juu ya kifundo cha mguu. Alikuwa amejifunza hatua za haraka ambazo wanaume ndio waliozicheza, na akachoka kuzicheza ndani ya pazia. Mji mzima ukapiga kelele. Kifundo cha mguu, mnafikiri! Ya tatu ndiyo tuliyoipenda: sketi nyeupe kama kengele, ya neti laini, imeishia katikati ya muundi, na mchezaji amesimama kwenye ncha za vidole kama mtu asiye na uzito. Zamani hizo waliigiza mizuka na wasichana waliokufa kwa mapenzi, na sketi ile ilielea nyuma yao kama ukungu wa asubuhi.

Picha zilizofuata zilipanda. Goti. Juu ya goti. Kisha ile mnayoijua wote, iliyosimama kiunoni kama sahani, iliyozaliwa wachezaji walipoanza kuzunguka na kuzunguka tena na wakataka kila mtu aone mguu wote unavyofanya kazi. Ya mwisho ilikuwa fupi pia lakini haina waya ndani, laini, imeinama kidogo kama kile kidude cha manyoya cha kupakia poda.

"Angalieni vizuri," Miss Adele alisema. "Kila pindo lililopanda, alilipandisha mchezaji. Si fundi, si mfalme, si mwenye ukumbi. Alikuwa na jambo la kufanya kwa miguu yake, nguo ikamzuia, akaikata."

Hakutuficha na mabaya. Katika zama za taa za gesi, neti ziliguswa na moto pembeni mwa jukwaa na wasichana wakaungua mbele ya watazamaji. Ilipatikana dawa ya kuzuia moto, lakini ilikausha kitambaa na kukifanya cha manjano, na wachezaji wengine waliikataa, wakafa sketi zao zikiwa nyeupe na nzuri. Ndiyo maana hakuna aliyelikaribia jiko la mafuta ya taa akiwa na neti mwilini. Alichora mstari wa chaki sakafuni. Mimi hadi leo nikipita karibu na jiko hushika sketi yangu, hata kama ni ya jinzi.

Tutu za kukodi zilikuwa chakavu, hivyo Miss Adele akamwomba Mama ajaribu kushona. Mama alikuwa ameshona magauni ya kipaimara, sare, suruali za mabaharia, lakini sahani ya neti hakuwahi. Alitandaza safu juu ya safu kwenye chupi, kila safu pana kuliko ya chini yake, marinda yamekusanywa mpaka vidole vinauma. Ilipokuwa tayari ikalala chini kama kuku aliyenyeshewa. Mama akaitazama, akaenda jikoni, na akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: akakoroga unga wa muhogo, akapika kanji, akaichovya tutu yangu kama anavyochovya mashati ya Baba. Ilikauka juani ikawa ngumu kama ungo. Ulipoigonga ililia. Tulijivunia kwelikweli. Siku ya kuijaribu, mvua ya radi ya alasiri ya Johannesburg ikatukuta kati ya geti na mlango wa ukumbi. Nikaingia mbele ya Miss Adele na darasa zima nikichuruzika uji mweupe miguuni.

Miss Adele alicheka mpaka akakaa, na hakuwa mtu wa kukaa. Halafu akaja kwetu, akapiga magoti sebuleni kando ya Mama, wakaifumua pamoja, akamwonyesha jinsi safu zinavyoshikanishwa kwa bandi ndefu zilizolegea, ili neti izuie neti mwenzake isianguke, na mahali waya mwembamba unapopita. Kuanzia hapo Mama alizishona zote. Nyumba yetu ilijaa tutu zilizotundikwa juu chini, maana ndivyo zinavyohifadhiwa, na Baba akirudi kazini alipita katikati yake ameinama, akilalamika kwamba amepigania nchi miaka yote hiyo aje aishi ndani ya shamba la koliflawa.

Na juu chini ndivyo tulivyozibeba pia, Jumamosi, tukipita kando ya uwanja wa farasi wakati wanaume wanatoka na magazeti yao ya kubahatisha.

"Hei, dada! Mwavuli umegeuzwa na upepo?"

"Waache, hao wamebeba satelaiti. Dada, inashika mpira?"

Mireille ndiye aliyewajibu. "Inashika! Farasi yako imekuwa ya mwisho, tumeona!"

Tutu yangu ilipokwisha, ya Mireille ndiyo ilikuwa ifuate. Miss Adele alikuwa amemwandikisha kwenye mashindano ya jiji, acheze peke yake, jambo ambalo hakuna mtoto wa ukumbi wetu aliyewahi kulifanya. Kulikuwa na uvumi kwamba atakayeshinda atachukuliwa na shule kubwa ya kaskazini mwa mji, bila malipo. Mireille akaanza kufika ukumbini kabla mlango haujafunguliwa, na tulimkuta nje akikunja na kutupa, ameshika uzio.

Ndipo Papa Mireille akaja kwetu. Alivaa suti ya kanisani, akakaa ukingoni mwa kiti, akazitazama tutu zilizoning'inia juu yake kama mtu aliyeingia kwenye bucha kwa bahati mbaya.

"Mama Tumaini," akasema, "miye sikatale mutoto acheze. Mungu alimupa miguu. Ninakatala ile nguo. Inasimama kama sahani, na mutoto iko chini ya sahani, na batu bote banaangalia chini ya meza."

"Baba Mireille, ndani kuna chupi yenye safu kumi za neti. Huoni kitu," Mama akamjibu.

"Miye sioni. Lakini mwenye anataka kuona, atatafuta."

Hapo nilidhani mambo yameisha. Lakini Mama alikuwa ameziona zile picha za ukutani. Akaenda kumwita Miss Adele, na Miss Adele akaja ameshika ile ya tatu, ya sketi nyeupe kama kengele, akaiweka mapajani mwa Papa Mireille. Akamweleza, nami nikitafsiri, kwamba hii ndiyo mama wa zote, kwamba ilivaliwa kabla ya ile sahani, kwamba wachezaji wakubwa waliipata heshima wakiwa ndani yake. Papa Mireille aliitazama kwa muda mrefu. Alipima kwa kidole chake, kutoka pindo hadi mguuni.

"Hii ni nguo," akasema mwishowe. "Hii hata mke wa pasta anaweza kuivaa."

Mireille, aliyekuwa amejificha jikoni kwetu akisikiliza, alinifinya mkono mpaka ukaacha alama.

Miss Adele aliwapigia simu waandaaji kuuliza. Aliyepokea alisema hakuna tatizo, tutu ndefu ni tutu. Hakuna aliyetaja kwamba bado kuna mtu mwingine wa kuulizwa, na huo ndio ukawa msiba wetu. Mama akaishona. Sijawahi kumwona akishona kitu namna ile. Hakutia waya wala bandi, neti tupu iliyomwagika yenyewe, nyepesi kiasi kwamba ukifungua mlango wa mbele sketi iliyokuwa chumbani inatikisika. Mireille alipoijaribu alizunguka mara moja tu, polepole, na sketi ikachelewa, kisha ikamfuata, kisha ikamzidi ikatangulia. Mama alikuwa na pini mdomoni. Hakuzitoa. Alitikisa kichwa tu, machozi yanamlenga.

Siku ya mashindano tulipakiwa nyuma ya bakkie, pikapu ya jirani, tumesimama wima, maana tutu haikaliwi. Mimi nilikuwa kwenye kundi la wasichana wa tutu fupi, tulicheza mapema, hatukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Nikarudi nyuma ya jukwaa kumsubiri Mireille. Alikuwa amesimama tayari pembeni ya pazia, nywele zimebanwa, mikono baridi kama bomba. Papa Mireille alikuwa safu ya mbele, suti ile ile, na alikuwa amewaleta mashemasi wenzake wawili.

Akaja mama mmoja mwenye beji kifuani. Mkuu wa waamuzi. Alimtazama Mireille juu mpaka chini, kisha akamgeukia Miss Adele.

"Hii haiwezekani. Magoti hayaonekani. Tutahukumu nini?"

Miss Adele akamweleza kuhusu simu. Mama yule akasema hajui nani aliyepokea simu. Miss Adele akasema mtoto akiruka magoti yataonekana vizuri tu. Mama yule akasema kundi hili huchezwa kwa tutu fupi, siku zote limechezwa kwa tutu fupi, na kama mtoto hana, basi aondoke, wengine wanasubiri. Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. Alizungumza kama mtu anayemwambia mwingine kwamba duka limefungwa.

Mimi nilikuwa na tutu fupi. Kimo changu na cha Mireille kilikuwa kimoja. Sikumwuliza mtu. Nilifungua vikulabu, nikaivua, nikabaki na nguo ya kubana, nikamnyoshea Mireille. Na hili nataka lieleweke, kwa sababu nimelisikia likisimuliwa vibaya: Mireille aliipokea. Aliishika. Hakuna aliyemlazimisha, hakulia, hakusita. Alikuwa na jambo la kufanya kwa miguu yake.

Lakini Papa Mireille alikuwa ameona kitu hakiendi sawa, akawa amekuja mpaka kwenye mlango wa pembeni. Alimwona mwanawe ameshika sahani.

"Mireille," akasema.

Neno hilo tu. Mama mwenye beji akatazama saa. Mama yangu akaanza, "Baba Mireille, tafadhali, dakika tatu tu," naye akamjibu bila kumtazama, "Mama Tumaini, huyu mwanamuke anataka kumuvua mutoto wangu mbele ya batu. Na ninyi munamusaidia." Mireille akanirudishia tutu. Alinirudishia ikiwa juu chini, kama tulivyofundishwa. Jukwaani wakaita jina la mtoto mwingine.

Nimekuwa mtu mzima na nimejaribu kuwa na haki kwa kila mmoja. Papa Mireille alikuwa mgeni katika mji uliomvua hata ualimu wake, na binti yake ndiye heshima aliyobaki nayo. Mama yule alikuwa na kanuni zake. Najua. Bado damu inanichemka. Watu wazima wawili, mmoja anataka pindo lipande, mwingine anataka lishuke, wakavutana juu ya miguu ya msichana aliyekuwa amesimama pale pale, mwenye masikio, mwenye ulimi wenye lugha nne, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia akamwuliza, "Wewe unataka kucheza na nini?" Kila nikiziona zile sketi za Marshalltown ndicho ninachokikumbuka. Mtoto aliyejua kila kitu juu ya tutu alinyimwa zote mbili, na mbwa amepewa.

Mireille hakurudi darasani. Miss Adele alikwenda kwao mara kadhaa, akakaribishwa chai, akarudi. Sketi ndefu ilibaki kwetu mpaka Mama alipoifumua, na neti ikawa shela ya bibi harusi mmoja wa kanisa lao. Nasikia Papa Mireille alisifu sana shela ile. Sasa ni marehemu, na Miss Adele pia, na ukumbi umekuwa duka la matairi. Mireille ana saluni ya kusuka nywele Marshalltown, na wateja wake husema ana mgongo ulionyooka kuliko mwanamke yeyote mjini.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mashindano yale yale. Lindiwe anacheza, anapotoka kwenye simu. Wenzake wanavaa soksi ndefu za kahawia, za rangi yao kweli, zinauzwa dukani. Sisi za waridi ziliitwa rangi ya ngozi, na Mama alizichemsha na majani ya chai ili ziwe za ngozi yetu. Wanapata na maji ya chupa, na kiyoyozi, na bado wanalalamika kwamba mtandao uko chini. Kundi la wanaocheza peke yao likaingia. Msichana wa tatu alitoka kwenye pazia amevaa sketi nyeupe ya neti, imeishia katikati ya muundi.

Nilingoja. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyekuja na beji. Mtoto akacheza, akamaliza, akapigiwa makofi, na aliyemfuata alikuwa na sahani, na wa baadaye hakuwa na sketi kabisa.

Nikaenda kwenye meza ya waamuzi wakati wa mapumziko. Nilimkuta dada mmoja kijana, mchangamfu. Nikamwuliza tangu lini tutu ndefu inaruhusiwa katika kundi hili.

"Oh, mama," akasema akitabasamu, "mchezaji anachagua mwenyewe. Imekuwa hivyo siku zote."

Siku zote! Nilishika ukingo wa meza. Nini kosa lake, alikuwa hajazaliwa. Nilitoka nje kwenye maegesho nikampigia Mireille. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mashine ya kukaushia nywele na redio. Nikamweleza yote, kwa hasira, nikirukaruka maneno: sketi, yule dada, siku zote. Mashine ikazimwa.

"Ilikuwa murefu namna gani?" akauliza.

"Katikati ya muundi."

"Kama yangu?"

"Kama yako."

Nikamsikia akivuta pumzi. Mteja alisema kitu, akamwambia angoje.

"Na alipozunguka," Mireille akasema, "ilichelewa kwanza?"

"Ilichelewa kidogo. Halafu ikamfuata."

"Aa. Basi walimushonea vizuri." Magari yalikuwa yakiingia na kutoka, wasichana wanashuka na tutu zao zimekunjwa mifukoni, mama zao wanawauliza wanataka kuvaa ipi. Wanawauliza, na wao wanajibu bila hata kugeuza shingo. "Tumaini," akasema Mireille, "huyo mutoto, walimwacha amalize?"

"Amemaliza, Mireille. Mpaka mwisho."